Mafundi wa kuongeza nguvu za dizeli, acheni kutuuzia "utasikia mwenyewe". Nimepima, hamna kitu

Wakuu, nina hasira na sitaificha. Mwezi uliopita nimetoa laki 9 taslimu kwa fundi mmoja hapa Dar. Aliniahidi nguvu za farasi 40 zaidi kwenye Hilux yangu ya dizeli ya lita 2.8 kwa kubadili programu ya kompyuta ya injini, na juu ya hapo eti mafuta yatapungua. Nilipomwuliza atanionyesha kwa kipimo gani, akasema, "Braza, utasikia mwenyewe."

Ni kweli nilisikia. Nilipotoka getini gari liliruka kwa mguso mdogo tu. Nikampigia simu kumshukuru, na hilo ndilo linaloniuma zaidi, maana wiki nzima nilikuwa namsifia kwa watu kazini.

Lakini nilikuwa na vipimo vya kabla. Kipande kilichonyooka mbele ya Chalinze, saa 12 asubuhi, AC imezimwa, upepo wa matairi uleule, tanki nusu, mimi peke yangu. Gia ya 4, naanzia kilomita 40 kwa saa, nakanyaga mafuta hadi mwisho, simu inarekodi kwa GPS muda wa kutoka 50 hadi 80. Mara 3 kwenda na mara 3 kurudi, kwa sababu barabara unayoiona tambarare mara nyingi ina mteremko. Kabla: wastani sekunde 6.4, mbio zote zikiwa kati ya 6.2 na 6.7. Baada: wastani 6.3, kati ya 6.1 na 6.6.

Pigeni hesabu. Gari na mimi ndani ni kilo 2,200, nimepima kwenye mizani. Kulitoa 50 hadi 80 kunataka kilojuli 331 hivi. Gawa kwa 6.4 unapata kilowati 51.7, gawa kwa 6.3 unapata 52.5. Hiyo ni farasi 1 na ushei! Tena tofauti yenyewe ni ndogo kuliko ile ya mbio moja na nyingine siku hiyohiyo. Injini hii kiwandani ina kilowati 130, yaani farasi 177 hivi. Ukiziongezea 40 kweli, ni karibu asilimia 23, na muda ulipaswa kushuka hadi kama sekunde 5.2. Hapo hata mtoto wa kushika saa angeona.

Basi nilisikia nini? Pedali. Nimechomeka kifaa kwenye soketi ya OBD, ile ya kusomea kompyuta ya gari, nikarekodi. Zamani nikikanyaga robo, injini ilipewa kazi ya robo. Sasa nikikanyaga robo inapewa karibu nusu. Ukifika mwisho wa pedali, presha ya turbo, ile feni inayosukuma hewa kwenye injini, ni ileile na hewa inayoingia ni ileile kwa gramu. Ameniuzia mguu mwepesi.

Kilichobadilika mwisho wa pedali ni moshi. Nyuma kunatoka wingu jeusi ambalo halikuwepo. Kilo 1 ya dizeli inahitaji hewa kama kilo 14.5 ili iungue yote, na ndani ya silinda inatakiwa ya ziada kwa sababu haichanganyiki sawasawa. Ukirefusha muda wa nozeli, zile zinazonyunyiza dizeli kwenye silinda, kumwaga bila kuongeza hewa, mafuta yanageuka masizi na joto.

Na mafuta "kupungua" je? Dashibodi inasema nimetoka kilomita 11.8 kwa lita hadi 12.9. Fundi alinitumia picha ya mteja mwingine yenye namba kama hizo akasema huo ndio ushahidi. Sikilizeni: dashibodi haina mita ya kupima mafuta yanayopita. Inakadiria kutokana na kiasi ambacho kompyuta inaamini imeamuru nozeli zimwage. Ukishachezea majedwali ya nozeli, yaani namba zinazoiambia kompyuta nozeli humwaga kiasi gani, kompyuta inaamini uongo na dashibodi inausoma. Mimi nimejaza tanki sheli moja, pampu ileile, nikiacha pale bomba linapojikata mara ya kwanza, matanki 3 kabla na 3 baada. Kabla 11.4. Baada 11.1.

Nimempelekea yote haya kwenye karatasi. Hakuisoma. Akaniambia magari hayaendeshwi kwa kalkuleta, na kwamba wateja wake wa Mbeya na Iringa wanamsifu. Iringa iko mita 1,600 hivi juu ya usawa wa bahari, hewa yake ni nyepesi kuliko ya Dar, namba za kule huwezi kuzilinganisha na za huku hata kama zingekuwepo. Na hazipo. Zipo sauti za WhatsApp za watu wanaosema gari "linachanganya".

Nikamwambia basi arudishe programu ya mwanzo. Anasema faili la mwanzo hakulihifadhi.

Mkuu yeyote mwenye Hilux ya 2.8 ya gia za mkono ambayo haijaguswa, naomba uniruhusu nije na kifaa changu ninakili faili lake. Na uliyefanyiwa kazi kama hii ukaridhika, weka sekunde zako hapa, za kabla na za baada, barabara moja, gia moja, kwenda na kurudi.