Dragsta ya injini mbele ya kujijengea: naomba ushauri kabla sijakata bomba la kwanza

Pinioni
Wakuu, heshima kwenu. Najiandaa kujenga dragsta (gari la mbio fupi za kunyooka) ya injini mbele, ule mtindo wa manati: dereva anakaa nyuma ya ekseli ya nyuma, miguu inapita juu ya difu, injini iko mbele ya uso wake. Ni ya kujifurahisha tu, mbio za robo maili (mita 402), na kitabu cha kanuni nitakachofuata ni cha NHRA, chama cha mbio hizi cha Marekani.

Vilivyopo: injini ya Chevrolet V8 350 (lita 5.7), krenki ya chuma cha kusubu, kabureta moja, kama nguvu ya farasi 400. Giaboksi Powerglide ya gia mbili yenye transbreki (inayolizuia gari lisiondoke huku injini ikivuta). Difu ya Ford ya inchi 9 iliyokwisha kufupishwa, ina spulo (inayofanya matairi yote mawili yazunguke pamoja), kroni na pinioni za uwiano 4.56. Matairi kipara ya nyuma ya kipenyo cha inchi 30. Uzito wote na dereva nakadiria kilo 680.

Ninayoomba kujua: (1) mabomba ya kromoli 4130 (chuma chenye kromi na molibdeni) au chuma cha kawaida? (2) urefu wa mita 3.8 kati ya ekseli na ekseli unatosha? (3) giaboksi niiunganishe na difu kwa kapla ya moja kwa moja (kiungo cha meno kisichopinda) au propela fupi yenye joenti zinazopinda? (4) petroli au methanoli? Mpango wangu ni kuchomelea reli mbili ndefu kwanza, halafu nipachike injini na kiti.

FundiTIG
Ndugu Pinioni, nianze na huo mpango wa mwisho, maana ndio utakaokurudisha nyuma. Manati hujengwa kuanzia kiunoni mwa dereva kwenda mbele. Flekspleti (sahani nyuma ya krenki), konvata (inayopeleka nguvu kwa giaboksi kupitia mafuta), giaboksi, kapla, kroni: vyote vinavyozunguka kwa nguvu viko kati ya miguu yake au mbele tu ya nyayo zake. Ukishafunga reli, miguu itapata nafasi iliyobaki tu, na iliyobaki huwa haitoshi.

Fanya hivi. Tafuta meza ya chuma iliyonyooka, hakikisha imelala sawa kwa pima maji. Weka difu kwenye stendi kwa kimo kilekile itakachokaa tairi likiwa limebeba uzito, si nusu ya kipenyo kilichoandikwa ubavuni. Weka kiti. Mkalishe dereva akiwa na suti, viatu vya moto, helmeti na mikanda imekazwa, kwa sababu mtu aliyevaa fulana ni mwembamba kuliko atakayekaa humo siku ya mbio. Sasa ndipo injini na giaboksi vije, uvisogeze mpaka nyayo zibaki nyuma ya usawa wa flekspleti na konvata. Bomba la juu la kizimba (mabomba yanayomzunguka dereva) lizidi helmeti kwa inchi 3 (milimita 76), na lisiwe mbali na kisogo kwa zaidi ya inchi 6. Vipimo hivyo vikishatimia, reli zitajichora zenyewe.

Tarehe 8 Machi 1970, kwenye uwanja wa Lions kule California, giaboksi ya bingwa wa dragsta Don Garlits ililipuka wakati wa kuondoka na kumkata sehemu ya mguu wa kulia. Mwaka uliofuata akaja na gari la injini nyuma lililoshinda, na daraja la juu lote likamfuata. Mtindo unaoujenga ni mzuri mno na unastahili kuendelea kuwepo, ila ngao zake usizipunguze hata moja: flekspleti ya kiwango cha usalama cha SFI 29.1 na ngao yake 30.1, dampa ya krenki 18.1, ngao ya giaboksi 4.1. Juu ya kapla weka mfuniko wa chuma unaozunguka kotekote, uliofungwa kwa bolti kwenye fremu. Usiufunge kwenye giaboksi, maana giaboksi ikipasuka itaondoka nao.

Swali la mabomba: kama una mashine ya TIG (kuchomelea kwa ncha ya tungsteni na gesi) na mkono uliozoea, tumia 4130. NHRA inataka kromoli ichomelewe kwa TIG tu; chuma cha kawaida kinakubaliwa kwa MIG (mashine inayojilisha waya) au TIG. Kama TIG bado unajifunza, chuma cha kawaida kilichochomelewa vizuri ni salama kuliko kromoli iliyochomelewa vibaya, ila kanuni inadai ukuta mnene zaidi, kwa hiyo uzito utaongezeka.

Kwa 4130, waya wa ER70S-2 unafaa. Kata midomo ya bomba mpaka ikumbatie bomba jingine bila mwanga kupita. Pengo ukilijaza kwa waya, kiungo kitavuta fremu kikipoa. Safisha mpaka chuma king'ae, nje na ndani ya mdomo. Shika kwa nukta kila kiungo cha gari zima kabla ya kumaliza hata kimoja, halafu chomelea kwa kuruka: kushoto, kulia, juu, chini. Kiache kipoe chenyewe. Ukikipuliza hewa au kukigusa kwa kitambaa chenye maji, ukingo wa mchomeleo unakuwa mgumu kama kioo na utapasuka hapohapo pembeni. Na usiupige msasa wa mashine ili upendeze, maana mkaguzi hatapokea mchomeleo uliosagwa.

Stopwochi
Mimi naona tatizo kwenye 4.56 yako. Tupige hesabu.

Kilo 680 ni pauni 1,500. Gawa kwa farasi 400 upate 3.75, kipeuo chake cha tatu ni 1.55. Zidisha kwa 5.825 (namba ya kanuni ya makadirio): sekunde 9.05 za robo maili. Kasi ni 234 mara kipeuo cha tatu cha 400 gawa kwa 1,500, yaani maili 150 kwa saa, sawa na kilomita 242. Haya ni makadirio ya gari lililopangwa vizuri. Lako litaanza taratibu zaidi.

Tairi la inchi 30 lina mzingo wa mita 2.39. Kwa kilomita 242 kwa saa linazunguka mara 1,685 kwa dakika. Mara 4.56 ni 7,684. Ongeza asilimia 5 ya konvata kuteleza, injini itafika mstarini ikiwa kwenye 8,070. Krenki ya kusubu kwenye mzunguko huo, ikiwa mbele ya uso wa dereva? Hapana, mkuu. Ukiweka 3.70 unapata 6,235, na kuteleza kukijumlishwa ni kama 6,550, ambapo injini ya namna hiyo bado inavuta. Tairi kipara hupanuka kidogo likiwa kasi, kwa hiyo mzunguko halisi utashuka zaidi.

Usiogope kwamba itakuwa nzito kuondoka. Gari ni jepesi, na gia ya kwanza ya Powerglide (1.76) inazidisha 3.70 kuwa 6.5. Kwenye manati, kuondoka kwa ukali kupita kiasi huishia kwenye tairi kuzunguka bure.

Halafu tazama hizo namba mbili upande wa kanuni. Sekunde 9.99 kushuka chini, au maili 135 kwa saa, unahitaji cheti cha chesisi na leseni ya dereva. Maili 150 kwa saa, parachuti ni lazima. Wewe uko palepale kwenye mpaka, basi weka mabano ya parachuti tangu mwanzo, fremu ikiwa bado haijapakwa rangi.

Mkono_wa_Chuma
Kapla au joenti: kwa gari la kwanza, mimi ningechagua kapla, lakini kwa sharti moja. Fremu kati ya injini na difu iwe ngumu kabisa, injini ishikwe kwa bamba la mbele na bamba la nyuma, na difu ifungwe kwenye fremu bila springi. Fremu ndefu hujikunja katikati wakati wa kuondoka. Kujikunja huko kutokee mbele ya injini.

Kupima: bolti zote zikiwa zimekazwa, gari limesimama kwa matairi yake na dereva ameketi, shika kapla kwa vidole viwili uisogeze mbele na nyuma kwenye meno yake. Inatakiwa iteleze kama pete iliyopakwa sabuni. Zungusha tairi robo, jaribu tena, mpaka umalize mzunguko. Ikigoma sehemu moja, legeza bolti za difu moja baada ya nyingine. Ile itakayoiachia ndiyo inayovuta difu upande. Weka shimu (kipande chembamba cha kujazia) hapo. Usilazimishe kwa kukaza, kwa sababu kapla inayobanwa hula bushi ya mkia wa giaboksi, mafuta yanaanza kuvuja juu ya ekzosi, na moto unaanzia karibu na miguu.

FundiTIG
Hapo natofautiana kidogo na Mkono_wa_Chuma. Kapla haisamehe kosa la robo milimita, na meza ya mjenzi wa mara ya kwanza mara nyingi ina kosa hilo. Propela fupi yenye joenti mbili inavumilia, mradi pembe za joenti zilingane na zipingane, na zisiwe sifuri: nyuzi moja inatosha kufanya roli ndogo za ndani zizunguke badala ya kuchimba sehemu moja. Mfuniko wa chuma uko palepale kwa vyovyote.

Mkono_wa_Chuma
Nakubali kwa mwenye meza ya mashaka. Urefu: mita 3.8 (inchi 150) unafaa. Manati za mwishoni mwa miaka ya 1960 zilipita mita 5 kwa sababu gari refu hunyooka lenyewe. Kama nafasi ya kulibebea inaruhusu mita 4.5, chukua hiyo.

Usukani usiupitie haraka. Fimbo ndefu inayopita ubavuni mwa injini iwe bomba, isiwe nondo, kwani nondo ndefu hutikisika. Kila kichwa cha fimbo kiwe na washa pana nje, ili mpira wa ndani ukichomoka fimbo isianguke. Mwelekeo wa matairi ya mbele pima dereva akiwa ndani, yaelekee ndani milimita 1 hadi 3.

Jeti80
Methanoli inapoza injini vizuri na manati nyingi hukimbia bila rejeta kwa sababu hiyo. Lakini ujue unachokiingia. Petroli inahitaji hewa 14.7 kwa 1, methanoli 6.4 kwa 1, kwa hiyo mafuta yanayopita ni zaidi ya maradufu: jeti, sindano na kiti chake, pampu, mpira wa mafuta, vyote vikue. Kubadili jeti peke yake hakutoshi; bakuli la kabureta litakauka nusu ya njia, mchanganyiko utakuwa mkavu, na pistoni itatoboka.

Methanoli hunyonya maji kutoka hewani na kula alumini. Baada ya kila siku ya mbio, mwaga tangi, endesha injini dakika chache kwa petroli kupitia kabureta, na tazama oili: ikigeuka rangi ya maziwa, badilisha. Moto wake mchana hauonekani. Mtu ataona dereva anajipigapiga bila kujua kwamba anaungua. Kwa hiyo msaidizi wako awe na ndoo ya maji karibu kila unapojaza, kwani methanoli inachanganyika na maji.

Ushauri wangu, msimu wa kwanza tumia petroli ya mbio. Mambo mapya ni mengi tayari.

Pinioni
Nashukuru sana wakuu. Nimebadilisha: dereva kwanza kwenye meza, 3.70, mita 4.5, chuma cha kawaida, propela fupi yenye joenti, petroli. Swali la mwisho: siku ya kwanza uwanjani niendeje, na presha ya matairi ya nyuma iwe ngapi?

Stopwochi
Anza na psi 7, matairi yote mawili sawa, yakiwa yamepimwa baridi kwa geji ya presha ndogo. Geji ya kawaida ya barabarani haiaminiki huko chini. Mstari mweusi unaoachwa ndio utakuambia: ukikolea pembeni na kufifia katikati, presha ni ndogo, ukikolea katikati, ni kubwa. Badilisha nusu psi kwa nusu psi.

Mikimbio miwili ya kwanza, ondoka na uachie pedali ya mafuta kwenye mita 18. Rudi, vua mfuniko wa propela, gusa joenti na mkia wa giaboksi kusikia joto, kaza bolti za difu na za mabamba ya injini. Mmoja wa tatu nenda nusu njia, mita 201, na uvute parachuti hata kama breki zinatosha, ili ujue linavuta kwa kunyooka. Likinyanyua matairi ya nyuma, kamba imefungwa chini mno. Pandisha bano kabla ya kwenda njia nzima, na mikono iwe ndani ya kamba zake za kuizuia kila mara, hata kwa mita 18.

FundiTIG
Ukirudi nyumbani, pulizia rangi ya kutafuta nyufa kwenye viungo vinavyoshika difu na kwenye shina la kizimba nyuma ya mabega. Subiri, futa, pulizia unga. Mstari mwembamba mwekundu ukijitokeza, kata kipande hicho na uweke kipya. Kuchomelea juu ya ufa kunauficha tu.