Iain Macleod, waziri wa makoloni wa Uingereza wakati Tanganyika inaelekea uhuru: alikuwa mtu wa aina gani?

Mkazi wa Pasua, Moshi
Habari za jioni wakuu. Mimi na shemeji yangu tumebishana kweli kweli, yeye anashikilia kwamba Waingereza waliotuachia nchi walikuwa wa chama cha Labour kwa sababu Wahafidhina (Conservative) siku zote walikuwa upande wa masetla, yaani walowezi wa kizungu, mi nikamwambia hapana, 1961 London waziri mkuu alikuwa Macmillan na chama chake ni Conservative, na waziri wa makoloni aliyekuja Dar mwezi wa tatu mwaka ule kukaa mezani na Mwalimu Nyerere pale ukumbi wa Karimjee alikuwa Iain Macleod. Shemeji akaniuliza: sasa huyo ni mhafidhina gani anayeachia makoloni haraka hivyo? Naomba anayemjua vizuri atueleze, katokea wapi, nini kilimsukuma na mwisho wake ulikuwaje.

Kijenge Juu
Mkuu uko sahihi, alikuwa Conservative damu kabisa. Kazaliwa 1913 Skipton kule Yorkshire, baba yake daktari, wazazi wote asili yao kisiwa cha Lewis huko Scotland. Amesoma Cambridge lakini jina lake la kwanza alilipata kwenye karata, mchezo wa bridge, alicheza kwa hela na alikuwa anapata zaidi ya mshahara wake wa kazini. Vita ikaja, 1940 akaumizwa mguu Ufaransa, baadaye akapata na ugonjwa wa uti wa mgongo uliomkakamaza, kwa hiyo ukiona picha zake amejikunja shingo hawezi kugeuza ujue yule mtu alikuwa na maumivu kila siku.
Bungeni aliingia 1950. Mwaka 1952 akasimama kumjibu Aneurin Bevan wa Labour kuhusu mambo ya afya, Churchill alikuwa ananyanyuka kutoka ukumbini akarudi kukaa amsikilize, wiki chache mbele kijana akapewa Wizara ya Afya! Halafu akawa Waziri wa Kazi, na Oktoba 1959 Macmillan akampa Makoloni. Angalia mwezi huo huo, Mwalimu ndo alikuwa anasema kwenye Baraza la Kutunga Sheria habari ya kuwasha mwenge na kuuweka juu ya Kilimanjaro.
Kilichomsukuma kwa maoni yangu ni mauaji ya kambi ya Hola. Machi 1959 Kenya wafungwa 11 walipigwa mpaka wakafa kambini, na Nyasaland, Malawi ya leo, kulikuwa na hali ya hatari, kiongozi wao Banda yuko ndani. Macleod akaona ukiendelea kushikilia kwa nguvu utamwaga damu nyingi, na miaka kadhaa baadaye aliandika wazi kwamba ndiyo, mwendo aliuharakisha makusudi kwa sababu hiyo. Akamtoa Banda Aprili 1960, akawakalisha Wakenya kwenye mkutano wa katiba Lancaster House, London. Na kumbuka alikuwa na mdogo wake setla huko huko Kenya, kwa hiyo alijua anachokifanya kinamgusa nani.

Mmeru wa Usa River
Kijenge Juu heshima yako, lakini nina shida na neno "kuachia" aliloandika mleta mada. Tanganyika ilikuwa chini ya udhamini wa Umoja wa Mataifa, Uingereza ilikuwa inaulizwa maswali New York tangu zamani, na wa kwanza kuwaulizisha kwa nguvu walikuwa wazee wetu wa Meru. Novemba 1951 watu walifukuzwa Engare Nanyuki nyumba zikachomwa ili masetla wapate nafasi ya kufuga, na 1952 Kirilo Japhet akaenda mwenyewe Umoja wa Mataifa, wakili wao Earle Seaton alikuwa na kazi zake hapo hapo Moshi. Na mwambie shemeji yako hivi, mpango wa kuwahamisha Wameru ulipitishwa Labour wakiwa madarakani, Conservative wameingia Oktoba, na mwezi uliofuata wakautekeleza, hapo hakuna chama cha kusifia. Uchaguzi wa Agosti 1960 TANU wakachukua viti 70 kati ya 71, sasa kwa matokeo yale Macleod angefanya nini kingine?

Kijenge Juu
Mmeru hoja yako ni nzito na mimi siipingi, presha ilitoka huku. Ila angeweza kufanya kingine, ndo maana ninamheshimu. Wa chama chake wengi walitaka acheleweshe. Machi 1961, mwezi ule ule wa Karimjee, Lord Salisbury, mkubwa mmoja wa Conservative, alisimama bungeni kwao akamwita mjanja kupita kiasi, akasema anawachezea wazungu wa Afrika kama wapinzani wake wa karata. Maneno hayo yalimwandama. Oktoba 1961 Macmillan akamtoa Makoloni akamweka Reginald Maudling, kwa hiyo bendera yetu inapanda Desemba 9 yeye si waziri tena wa wizara ile.

Mama wa Njoro
Jamani msiishie 1961. Mwaka 1963 Macmillan alipong'atuka Macleod alikataa kufanya kazi chini ya waziri mkuu mpya Douglas-Home, akaandika kwenye gazeti la Spectator alilokuwa mhariri wake kwamba uongozi uligawiwa na kikundi kidogo cha wakubwa. Chama kilimnunia sana. Na 1968 serikali ya Labour, shemeji asikie hili, ilipitisha sheria kwa siku chache tu kuwazuia Wahindi wa Kenya wenye pasipoti za Uingereza wasiingie, Macleod akapiga kura ya hapana wakati viongozi wa chama chake wanaikubali, alisema watu wale waliahidiwa na ahadi ni ahadi. Hapa Moshi na Arusha tumekaa na familia za Kihindi, tunajua pasipoti ile ilikuwa na maana gani kwao. Kwangu mimi hilo linanionyesha moyo wake kuliko Karimjee, maana hakuna TANU iliyokuwa inamsukuma siku ile.
Juni 1970 akawa Waziri wa Fedha, mwezi mmoja tu, tarehe 20 Julai moyo ukasimama akafia pale namba 11 Downing Street, nyumba ya Waziri wa Fedha. Miaka 56.

Mkazi wa Pasua, Moshi
Asanteni sana wakubwa. Nimemsomea shemeji yote, habari ya Labour ameachia, ila sasa ameshika ya Mmeru na mimi niko naye. Mwenye kumbukumbu ya huyo wakili Seaton hapa Moshi, ofisi yake ilikuwa mtaa gani na kesi gani nyingine alizisimamia, tafadhali aweke hapa chini, wazee wanaomkumbuka bado wapo wachache.