Ukiwa tineja kanisani, uliaminiwa na kazi gani? Tupeane uzoefu

Binti_Kayole:
Nianze mimi. Nilikuwa na miaka 16. Mchungaji alisimama kwenye ibada ya vijana akatushukuru kwa kuwa hatuvuti bangi na hakuna aliyepata mimba. Watu wakapiga makofi. Nikajiuliza, ndiyo yote tunayotarajiwa?

Wiki chache baadaye mama wa hesabu za sadaka akavunja miwani. Akanisukumia kikapu na daftari: "Hesabu, mimi sioni." Sarafu zilikuwa zimechanganyika na vifungo viwili vya shati (kuna mtu hutoa vifungo, sijui Mungu avifanyie nini). Nikapungukiwa na shilingi 200. Nikarudia, bado. Jasho likanitoka, maana nilijua nani atakayeshukiwa kwanza. Mama hakuninyang'anya daftari. Alivuta kiti akaketi, akangoja. Nikazirudia bahasha za fungu la kumi nilizokuwa nimeziweka kando, na ndani ya moja kulikuwa na noti ya mia mbili imekunjwa mara nne, imejibana kwenye kona. Akasema, "Andika." Basi. Jumapili iliyofuata alikuja na miwani mipya na bado akanipa mimi kikapu.

Nyinyi je?

Wa_Umoja:
Yangu ilikuwa nyumbani. Mama alilazwa wiki tatu nikiwa kidato cha tatu, na wadogo zangu ni watatu. Shangazi akaanza kutafuta msichana wa kazi, eti mvulana atajua nini jikoni. Ugali wa kwanza ulikuwa na mabonge, mdogo wangu akauita githeri (mahindi na maharage). Wa siku ya nne ulilika. Lakini kuna kitu hunikera mpaka leo: kanisani nilisimamishwa mbele nikapigiwa makofi, na wasichana wa kikundi chetu wanapika hivyo tangu darasa la tano. Hao hakuna aliyewahi kuwasimamisha.

Mama_Wawili:
Mimi nitawaharibia kidogo. Binti yangu aliaminiwa mpaka akachoka. Kwaya Jumatano, usafi Jumamosi, Jumapili sande skuli na mitambo ya sauti. Mtihani wa KCSE wa kumaliza sekondari unakaribia, mtoto anasinzia juu ya kitabu. Nilipoomba apunguziwe, nikaambiwa nazuia huduma. Kumwamini kijana ni sawa, ila asigeuzwe kibarua wa bure.

Wa_Umoja:
Hapo umesema, mama.

Mwalimu_wa_Jumapili:
Darasa langu humpenda Yosia, mfalme wa Yuda kwenye Biblia. Alitawazwa akiwa na miaka 8, akaanza kumtafuta Mungu akiwa na 16, akaanza kubomoa madhabahu za Mabaali akiwa na 20. Iko 2 Nyakati 34. Siku moja kijana akaniuliza: kati ya 16 na 20 alikuwa akifanya nini? Nilikuwa nimefundisha sura hiyo miaka mingi na sikuwa nimewahi kuiona hiyo miaka minne. Nikamwambia sijui, labda alikuwa akisoma. Darasa zima likacheka, ila tangu siku hiyo wakati wa mitihani siwapangii zamu.

Binti_Kayole:
Mama_Wawili, binti alipata ngapi?

Mama_Wawili:
B. Kwaya na sande skuli aliacha. Mitambo alikataa kuiacha, na Jumapili nikisikia kipaza sauti kikipiga mluzi najua leo hayuko.