Pikipiki ya safari ndefu kutokea Kigoma: XR150L, Himalayan au V-Strom?

Mwana wa Ujiji:
Wakuu habari zenu. Nina Boxer 150, mjini hapa Kigoma inanitosha kabisa, ila likizo nataka nipite Uvinza, Kaliua, Tabora, Itigi, Manyoni mpaka Dodoma, nikiwa na nguvu nishuke Iringa mpaka Mbeya kumsalimia shangazi, afu nirudi na chombo hichohicho. Kuna used tatu nimeziona: Honda XR150L, Royal Enfield Himalayan ya cc 411 (ukubwa wa injini) na Suzuki V-Strom 650. Roho inataka V-Strom kusema ukweli, ila mimi si mrefu na nitakuwa peke yangu na begi. Nishaurini.

Fundi wa Isevya:
Mkuu mi fundi hapa Tabora, usianze na cc, anza na spea. V-Strom ikikuzimikia Kaliua saa kumi jioni nani atakupa klachi pleti zake? Utaagiza Dar, usubiri basi, na Dar kwenyewe wanaweza wasiwe nazo. XR150L ni kabureta na injini ya kupozwa na upepo, haina rejeta, fundi yeyote wa boda anaifungua chini ya mwembe na anaifunga. Tyubu ya nyuma ni inchi 17 utaipata popote, ya mbele ni 19, hiyo beba mwenyewe.

Dereva Mwanga:
Fundi kwenye spea nakuunga mkono, ila 150 mpaka Mbeya ni mateso jamani. Ukiwa na begi upo themanini injini inalia, na ukitaka kuovateki lori mlima Nyang'oro huna cha kuongeza, hapo ndo watu wanakufa. Mi nasema Himalayan. Haina mbio ila inavuta kuanzia chini, tenki lita 15, ukienda kistaarabu unavuka kilomita 400 bila kuongeza, siti ni sentimita 80 tu so miguu itafika chini. Shida yake uzito, karibu kilo 200. Kwa hiyo kabla hujatoa hela mwombe muuzaji muilaze kwenye majani, funga na begi lako, uinue peke yako. Ikikushinda hapo, kwenye mchanga pori la Itigi itakushinda zaidi, achana nayo chukua Honda.

Mama Safari:
Mdogo wangu usisahau mbung'o, njia ya Itigi wapo. Wanafuata kitu kinachotembea na wanapenda bluu na nyeusi, so jaketi chukua la kaki. Na kadi isome jina la huyohuyo anayekuuzia, la sivyo usilipe.

Mwana wa Ujiji:
Asanteni sana ndugu zangu, dada shikamoo. V-Strom nimeifuta. Jumamosi naenda kuilaza Himalayan. Fundi, nikiichukua nibebe nini?

Fundi wa Isevya:
Tyubu ya mbele 21 na ya nyuma 17, pampu, spana za kutolea tairi, bredi pedi, filta ya oili, kebo ya klachi na ya mafuta. Hizo kebo usiziweke kwenye begi, zipitishe sambamba na za zamani uzifunge kabisa, ikikatika moja unahamisha ncha mbili tu unaondoka. Na ukifika Tabora pita nikukazie cheni, sitaki hela.