Mwanza hadi Guangzhou: kupitia Dar, Addis au Dubai?

Muuza Vipuri wa Makoroboi: Ndugu wanajukwaa, nakusudia kwenda Guangzhou kufuata bidhaa na sina budi kukata tiketi wiki hii. Nimeonyeshwa njia tatu: kuteremkia Dar na kupanda ndege ya moja kwa moja, kupitia Addis Ababa, au kupitia Dubai. Kinachonichanganya ni hiyo ya moja kwa moja, kwani nikihesabu kuanzia saa ya kuondoka hadi ya kufika napata saa 15 na nusu kwenda, lakini kurudi ni saa 6 na nusu tu. Ipi ni fupi hasa?

Furu: Ndugu, hukusema unasafiri mwezi gani, utarudi na mizigo kiasi gani, wala kama kipande cha Mwanza–Dar kimo ndani ya tiketi hiyo hiyo. Bila hayo tutakuwa tunapiga ramli.

Mzee wa Igoma: Tiketi huandika saa za mahali ndege ilipo, na China iko mbele yetu kwa saa 5. Ziondoe wakati wa kwenda na uziongeze wakati wa kurudi, utapata saa 10 na nusu na 11 na nusu. Saa moja iliyobaki huliwa na upepo wa juu, ambao huvuma kutoka magharibi, hivyo humsukuma anayekwenda na kumkabili anayerudi. Kwa umbali, Dar hadi Guangzhou ni takriban kilomita 8,700. Kupitia Addis au Dubai, zote mbili hukaribia 9,800, kwa hiyo anayedai kwamba Dubai ni kuzunguka mno kuliko Addis hajapima. Ya moja kwa moja ndiyo fupi, ila mimi ningepita Addis.

Binti Ukerewe: Mzee wangu, kilomita hazikuwahi kunilaza njiani, kilichonilaza ni tiketi mbili zisizojuana. Asubuhi hiyo mvua ilinyesha ziwani, ndege ya kutoka Dar ikachelewa kutua Mwanza, nasi tukachelewa kuondoka. Nilipofika Dar nilisubiri begi langu, kisha nikalisukuma kutoka Jengo la 2 hadi Jengo la 3, nikamkuta mhudumu akikunja kamba za foleni. Aliniambia kwa upole kwamba kipande cha Mwanza hakiwahusu, na kwa kweli hakikuwahusu. Nililala gesti ya Kipawa, na dagaa niliokuwa nimembebea kaka yangu wakanukisha chumba kizima hadi mwenye nyumba akaja kugonga.

Furu: Ndiyo maana mimi hupita Sirari, mpakani mwa Kenya, kwa basi na kupandia Nairobi, ambako umbali hadi Guangzhou ni karibu sawa na wa Dar.

Mzee wa Igoma: Furu, usiku mzima garini halafu saa nyingine kumi na zaidi angani? Huo ni ujana, si ushauri.

Furu: Mzee, basi halinidai nauli ya begi la tatu.

Muuza Vipuri wa Makoroboi: Ahsanteni. Nakwenda Oktoba, kwenye maonyesho ya biashara ya Canton, hapo hapo Guangzhou, na mizigo itarudi kwa meli. Ila tiketi ya Mwanza–Dar nimekwisha kuikata peke yake, ya asubuhi ya siku ile ile, kwa sababu ilikuwa na punguzo.

Binti Ukerewe: Kaka, inatua Dar saa ngapi?