Saiti ya foraji haionekane mu Google, mutu ananiomba dola 250, nilipe ao niache?

kisima_lshi (Lubumbashi)

Jambo bakubwa na badada bote. Niko na swali, tafazali musinicheke. Shemeji yangu iko na kampuni kadogo ya foraji hapa L'shi, banatoboa visima, banaweka pompi na tanki, na bakliyenti benyewe ni batu ba Annexe, kule Kasapa, juu maji ya robine haifikake mingi kule. Mwaka jana alilipa kijana moja amutengenezee saiti ya WordPress (ile programu ya kujengea saiti), paje tatu: Accueil, Services, Contact. Kwa macho iko mizuri, foto za mashini, rangi ya blu, yote. Lakini tangu ile siku hakuna ata mutu moja alishapiga simu akasema nilikuona mu Google. Nikiandika jina ya kampuni inatoka Facebook yetu, saiti hapana. Nikiandika "forage d'eau Lubumbashi" banatoka bengine, mpaka bale tunajua vizuri hawana ata mashini yabo, banakodisha!

Ule kijana simu yake haipite tena. Sasa kuna mwengine alitufata ku WhatsApp anasema yeye ni fundi wa SEO, anaomba dola 250, mu siku 7 tutakuwa namba moja, na atatupa malinki 500. Ametuma na liste ya maneno 80 anasema ya kutia mu "mots-clés". Shemeji alishamutumia dola 50 ya kuanzia bila kuniuliza. Miye njo banaita mutu wa ordinatere mu jamaa juu nilisoma kidogo informatike, basi bote bananiangalia miye. Nimalizie ile 200? Na hiyo SEO yenyewe ni kitu gani, mutu hawezi kujifanyia?

fundi_wa_kadutu (Bukavu)

Mudogo wangu, usitume tena hata franga moja. Google yenyewe imeandika mu maelezo yake kwamba hakuna mutu anayeweza kukuhakikishia namba moja, kwa hiyo yeye anayekuambia siku 7 anakuuzia kitu ambacho hana mu mukono. Yale maneno 80 pia achana nayo, Google ilitangaza tangu 2009 kwamba haiangalie ile sehemu ya maneno-funguo yenye inafichwa mu kode wakati wa kupanga matokeo. Huyo fundi wa SEO amechelewa miaka mingi.

Malinki 500 njo mbaya zaidi. Sikiliza hadisi yake kidogo. Larry Page na Sergey Brin walipoanzisha Google 1998, akili yao kubwa ilikuwa hii: saiti ingine ikiweka linki inayokuja kwako ni kama imekupigia kura, na kura ya saiti yenye heshima inapita kura ya saiti ya bure. Batu wakaanza kuuza kura, na 2012 Google ikaleta mabadiliko yenye iliita Penguin, saiti nyingi zenye zilijaa linki za kununua zikaanguka. Leo mara nyingi inazipuuza tu, yaani umelipa upepo, na mara ingine inakupa azabu. Kwako wewe linki moja kutoka kwa mutu anayekuuzia pompi, ao kutoka saiti ya shule yenye mulichimbia kisima, inapita hizo 500.

Sasa kabla ya SEO (ni kazi ya kutengeneza saiti ili ionekane vizuri mu Google, tu) na maneno yake makubwa, fanya kitu kimoja sasa hivi. Andika mu Google site: halafu jina ya saiti yenu, bila kuacha nafasi katikati. Uniambie zinatoka paje ngapi. Kisha ingia mu WordPress, Réglages, halafu Lecture, shuka mpaka chini, uangalie kama kale kakisanduku ka kuomba injini za kutafuta zisiingize saiti kametiwa alama. Niko nangojea.

kisima_lshi

Mukubwa nimerudi, kuraan (umeme) ilikatika tangu asubui. Ile ya site: imeleta ZERO. Hakuna kitu. Na kale kakisanduku... kametiwa alama. Mwaka muzima!!! Shemeji nikimuambia ataanguka

fundi_wa_kadutu (Bukavu)

Hahaha nilijua. Usimulaumu sana ule kijana wa kwanza, wakati unajenga saiti unatia ile alama kwa makusudi ili Google isionyeshe kazi yenye haijaisha, shida ni kusahau kuitoa. Nimeshaiona mara nyingi, mara moja ilikuwa saiti yangu mimi mwenyewe na nikakaa wiki tatu nikilaani Google.

Yenye ilikuwa inafanyika ni hivi. Google iko na programu inayotembea, inafuata linki kutoka paje mupaka paje, inasoma, halafu inaweka mu kitabu chake kikubwa. Ile alama inaandika mu paje zako zote neno moja, noindex, maana yake "soma lakini usiniweke mu kitabu". Sasa mutu asiyekuwa mu kitabu utamupanga namba ngapi? Hata ungelipa dola elfu.

Toa alama, enregistre. Kisha fungua Google Search Console, chombo cha Google chenye kinaonyesha mwenye saiti namna saiti yake inaonekana, haiulize makuta, watakuomba kuhakikisha kwamba saiti ni yako (kuna fishié ya kupakia ao kode ya kuweka mu paje, ama ya kutia kule mulinunua jina ya saiti). Ukishaingia uwape sitemap, ile orodha ya paje zako zote. WordPress tangu 2020 inaitengeneza yenyewe, andika wp-sitemap.xml nyuma ya anwani ya saiti utaiona. Halafu chukua anwani ya paje moja moja, uitie pale juu, uombe waiingize. Paje tatu ni dakika kumi. Kisha ngoja. Inaweza kuchukua siku, ao wiki, kuomba mara kumi haiongeze mbio.

simba_wa_katuba

Nyinyi munapoteza wakati. Hapa kwetu nani anatafuta foraji mu Google? Mutu anauliza jirani yake "weye nani alikutobolea kisima?" basi imeisha. Facebook na statu ya WhatsApp inatosha. Miye nauza sima ya kujengea nyumba na sijakuwa na saiti ata siku moja.

dada_wa_kahawa (Goma)

@simba_wa_katuba kwa sima uko na haki, mutu anayejenga leo anaenda pale karibu. Lakini kisima mutu ananunua mara moja mu maisha, na kuna wale hawana jirani wa kuuliza: mugeni aliyehamia, shirika yenye inatafuta watu watatu wa kulinganisha devi, mutoto wa L'shi anaishi Ubelgiji na anamujengea mama yake nyumba. Yule wa Ubelgiji hatakuja kupita mu barabara yako. Na hiyo Facebook, posti ya juzi leo nani ataiona?

Sasa @kisima_lshi kaka yangu, mukubwa wa Bukavu amekufungulia mulango, lakini ndani ya nyumba bado ni giza. Umesema paje yako ya kwanza inaitwa Accueil. Nani anaandika "Accueil" mu Google akitafuta maji? 😂 Ule titri njo ile laini kubwa yenye mutu anabonyeza mu matokeo, na inasaidia Google kujua paje inasema nini. Andika kama vile mutu anaongea: Forage d'eau à Lubumbashi, pompe na château d'eau, halafu jina ya kampuni mwishoni. Kila paje na titri yake, usirudilie ileile. Chini yake kuna ka maelezo kafupi, hako hakakupandishe lakini kanamufanya mutu abonyeze kwako, asibonyeze kwa jirani.

Mimi nauza kahawa ya Kivu na kosa yangu ilikuwa ingine: bei zote na maelezo yote nilitia ndani ya foto, ile afishi yenye fundi wa grafiki alinifanyia kwa Facebook. Ilikuwa kitoko sana! Lakini Google haisome afishi kama vile wewe unaisoma, inataka maneno ya kweli, yenye unaweza kugusa na kukopi. Nilipoandika palepale kwa maneno kahawa inatoka wapi, Idjwi ama Minova, imekaangwa lini, gramu ngapi, ndiyo watu wakaanza kuingia. Angalia kama zenu si vile.

kisima_lshi

Dada umenishika. Paje ya Services ni foto moja tu. Afishi. Na nambari ya simu iko ndani ya afishi 🙈

Basi niandike nini? Shemeji anajua kutoboa, kuandika hapana.

dada_wa_kahawa (Goma)

Asiandike. Kaa naye siku moja, kila mutu akipiga simu wewe andika swali yenye anauliza. Nina hakika ni yaleyale: munashuka metri ngapi? Mbona kwa jirani ilikuwa bei ingine? Inachukua siku ngapi? Mukikosa maji inakuwaje, nalipa ao silipe? Pompi ya jua ao ya kuraan, maana kuraan yenyewe tunaijua. Maji itapimwa? Mashini inaweza kuingia mu kiwanja yangu yenye lango dogo? Kila swali ukiijibu vizuri, kwa kweli, na udongo wa huko kwenu na majina ya kartié zenu, umepata paje ingine. Hiyo njo SEO zaidi ya nusu, si uchawi. Wale wanaokupita hawana pengine kitu kingine, wana maneno tu.

Na usiandike "forage Lubumbashi forage Lubumbashi pas cher forage" mara hamsini, Google ilishaijua hiyo tangu zamani na mutu anayesoma anakukimbia. Andika na Kiswahili paje moja ukitaka, mama wa Katuba anaweza kutafuta "kutoboa kisima". Lakini iwe paje yake peke yake, usichanganye lugha mbili mu paje moja.

fundi_wa_kadutu (Bukavu)

Dada amesema yote. Naongeza mbili tatu haraka. Foto: zile za telefoni ni MB 4 ao 5 kila moja, ukiweka 14 inaweza kufika MB 70, mutu wa mega za kununua atafunga mbele paje ifunguke. Zipunguze zishuke chini ya KB 200, kuna programu za bure, na ubadilishe ziwe WebP, aina ya foto yenye iko nyepesi. Google siku hizi inasoma saiti kama vile inaonekana mu telefoni, kwa hiyo usiijaribu ku ordinatere tu. Na anwani ianze na https, cheti chake cha usalama kinatolewa bure na shirika Let's Encrypt, bila hiyo Chrome inaandika kwamba saiti haina usalama na mutu anaogopa.

Halafu yenye nilipaswa kusema ya kwanza, juu kwa kazi kama yenu inaweza kuleta simu mbele ya saiti: Google Business Profile. Ile inayotoka na karte, saa za kazi, na kibonye cha kupiga simu. Ni bure. Kwa kuwa nyinyi munaenda kwa mukliyenti, yeye haji kwenu, munaweza kuficha anwani ya nyumba na kuandika mahali munafanya kazi: Lubumbashi, Kipushi, Likasi, Kasumbalesa, wanakubali mupaka 20. Kuhakikisha, mara nyingi wanaomba video ukionyesha vyombo vya kazi, basi simama mbele ya mashini. Kisha kila kisima ikiisha omba mwenye kiwanja aandike maoni. Umuombe tu, usimulipe wala kumupa zawadi, ni marufuku na wanafuta.

simba_wa_katuba

Hiyo ya karte ata miye naweza kuweka ya sima?

fundi_wa_kadutu (Bukavu)

Weka papa. Na wewe onyesha anwani, watu wanakuja kwako. Tia pini pale mulango uko kabisa, namba za avenyu zinadanganya.

kisima_lshi

Bakubwa, narudi kisha siku kumi na moya. Site: sasa inaleta paje 5, zile tatu na mbili mupya (moja ya metri na bei, moja ya pompi ya jua). Jina ya kampuni ikiandikwa saiti inatoka ya kwanza, shemeji alifungua mara kama ishirini ku telefoni yake anachekelea peke yake, nilimuambia kutafuta jina yako mwenyewe si ushindi. Kwa "forage d'eau Lubumbashi" tuko paje ya ine. Lakini mu Search Console niliona kitu: batu banaandika "combien coûte un forage" na tayari tunatoka kule namba 12, mara 31 tulionekana, na bawili babonyeza. Video ya mashini waliikubali siku ya tatu. Jana mama moja wa Kasapa alipiga simu kupitia karte, bado hajalipa kitu, anataka kwanza tuje kuona kiwanja.

Titri bado sijabadilisha ya Contact, ni lazima?

Na ule wa SEO anatuma mesaji kila asubui eti "tumeanza kuona matokeo", anaomba ile 200 yake. Naweza kumudai 50 arudishe?

dada_wa_kahawa (Goma)

Contact pia badilisha, dakika moja. Ile 50 mufanyie matanga muimalize.

fundi_wa_kadutu (Bukavu)

Ila kabla ya kumubloke: muulize kama shemeji alimupa mot de passe ya WordPress. Kama alimupa, badilisha leo leo, uangalie na mu Utilisateurs kama hakujiandikisha mule.

kisima_lshi

Weee. Alimupa. Naenda.