Dalali kauza kiwanja cha bi mkubwa Kange kwa mil 23, katuletea 18, na bado anadai asilimia kumi

MtotoWaMakorora
Wakuu salama? Naombeni msaada kwa anayejua sheria, matusi wekeni pembeni leo. Bi mkubwa alikuwa na kiwanja Kange hapa Tanga, kule nyuma nyuma ya stendi, kimepimwa na hati ipo kwa jina lake. Akamwambia dalali mmoja wa mtaani amtafutie mteja, hawakuandikiana chochote, ni mtu tunamjua miaka mpaka futari anakula kwetu. Mteja akapatikana, mkataba kwa wakili ukaandikwa mil 18, hela ikaingia benki kwa bi mkubwa yote 18. Sasa juzi mnunuzi kapita kuulizia mpaka wa upande wa mtaro, stori mbili tatu akasema "ile 23 niliyotoa mama". Bi mkubwa akabaki na kikombe mkononi hanywi haongei. Kumbe jamaa alimwambia mnunuzi 5 ni ya kufuatilia makaratasi ya familia, akarushiwa kwenye simu yake. Na huyuhuyu kila asubuhi anapiga anataka 10% ya ile 18! Nikamuuliza kuhusu hiyo 5, kajibu cha juu, yaani hela anayoongeza juu ya bei ya mwenye mali, ni haki ya dalali dunia nzima. Ni kweli? Tumlipe?

Mgosi_Sahare
Cha juu ndo kazi yenyewe mgosi. Bi mkubwa alitaka 18 kapata 18, kaibiwa nini? Asilimia msimpe, ngoma iishe.

Karani_wa_Chumbageni
Hapana Mgosi usimpotoshe mwenzio. Dalali akitumwa na muuzaji huyo ni wakala wake, na uwakala una sehemu yake kabisa ndani ya Sheria ya Mikataba, Sura 345. Wakala anatakiwa atoe hesabu, na chochote alichopokea kwa ajili ya kazi ya bosi wake ni cha bosi, hawezi kujitengenezea faida ya pembeni kimyakimya halafu aje na mkono mwingine kudai ujira. Tena akifanya ujanja kwenye kazi aliyotumwa hata ule ujira wa kazi hiyo anaupoteza. Kwa hiyo 5 mnamdai nyie, siyo yeye anawadai.

Ila kuna swali moja linabeba kila kitu: bi mkubwa alimwambia nini hasa siku anamtuma? Kama alisema "mimi nataka 18 zangu mkononi, itakayozidi chukua" basi hayo ni makubaliano hata kama hayajaandikwa na hapo hamna kesi. Sheria ya Ardhi inataka mauziano ya ardhi yawe kwa maandishi lakini makubaliano na dalali yanaweza kuwa ya mdomo tu, ndo maana yanasumbua.

MtotoWaMakorora
Kuna voisi WhatsApp nimeisikiliza sasa hivi, anasema "we nitafutie mtu, lakini usiniletee chini ya 18". Basi. Habari ya inayozidi hakuna.

Karani_wa_Chumbageni
Hiyo ni sakafu ya bei, hajamgawia mtu ziada. Itunzeni hiyo voisi, msifute.

dalali_Pongwe
Mimi ni dalali na naongea bila kuona haya. Cha juu kipo na kitaendelea kuwepo sababu wenye mali wengi wakishapata hela simu hawapokei, umezunguka na wateja jua kali mafuta ya bodaboda yako halafu unaambiwa "nitakucheki". Lakini cha juu na asilimia kwa pamoja huo ni uroho, na kumdanganya mnunuzi kuwa ni hela ya makaratasi ndo kabisa anatuharibia kazi. Mimi mtu akinipa mali naandika karatasi moja: bei, komisheni, nani analipa, na namba ya hati nikafanye sachi ofisi ya ardhi, nione mali ni ya nani. Kama ni nyumba ya familia namuuliza na mwenza wake yuko wapi, maana Sheria ya Ndoa ya 1971 hairuhusu kuuza nyumba ya ndoa bila mwenza kuridhia, nimeona mauzo yakivunjika kwa hilo na asilimia ikaota mbawa. TIN na leseni ya biashara ninazo, muulizeni huyo wa kwenu kama anazo.

Horohoro_kwa_Horohoro
Wenzetu wa Kenya hapo ukivuka tu wana Sheria ya Mawakala wa Nyumba, Sura 533, na bodi ya kuwasajili. Kufanya kazi hiyo bila usajili ni kosa. Huku mthamini ndo ana bodi yake kwa sheria ya 2016, dalali akiwa na simu mbili na pikipiki tayari ana ofisi.

Karani_wa_Chumbageni
Halafu jambo ambalo watu hawaliangalii, huyo mnunuzi naye kaumizwa. Karatasi yake inasema 18. Siku akiuza, TRA wanapiga asilimia 10 ya faida, na faida inahesabiwa kuanzia kwenye 18, ile 5 haina ushahidi kwenye mkataba kwa hiyo anaweza kuja kuilipia laki tano ambayo siyo yake. Na mauzo yakiingia dosari leo atadai 18 tu. Kwa hiyo ni shahidi wenu mwenye maslahi, ongeeni naye vizuri, mwombeni meseji ya muamala. Ila mjue na nyie mkirudishiwa hiyo 5 bei halisi inakuwa 23 na kodi ya bi mkubwa inapanda, msije mkaificha mkawa kama dalali. Transfa imeshafanyika?

MtotoWaMakorora
Bado, clearensi ya TRA, ile karatasi ya kuonyesha kodi imelipwa, haijatoka. Mnunuzi kakubali kutafuta ile meseji. Mama anataka twende kwa mwenyekiti wa mtaa kwanza.

Karani_wa_Chumbageni
Nendeni kwa heshima tu, akisuluhisha sawa, ila hana mamlaka ya kumlazimisha mtu, na akitaka asilimia yake mwombeni risiti ya halmashauri. Ikishindikana andikeni barua ya madai mpeni muda, akigoma Mahakama ya Mwanzo. Msikimbilie Baraza la Ardhi, hapa hamgombanii kiwanja, ni hela.

MtotoWaMakorora
Barua aandike wakili yuleyule wa mkataba?

Karani_wa_Chumbageni
Mwingine. Yule anaweza kuwa shahidi, na mkamuulize nani alimtajia 18.

Mgosi_Sahare
Haya nimekaa kimya.